Treni Yenye Mabega Mapana

Furaha, Jumamosi uliniuliza mbele ya wenzako wote wa atelye, karakana yetu ya treni za kuchezea: "Mama Sifa, uliharibu treni ngapi mpaka ukajua hii kazi?" Wenzako wakainamisha vichwa, wakidhani nitakasirika. Sikukasirika. Ni swali zuri kuliko yote mliyoniuliza tangu nilipowaachia meza yangu hapa kambini Dzaleka. Niliwaachia kwa sababu macho yangu siku hizi yanaona mistari miwili mahali palipo na mmoja, na mtu wa namna hiyo akishika chuma cha moto anakuwa hatari kwa majirani.

Jibu ni kwamba niliharibu nyingi. Nyingine nilizivunja kimyakimya, nyingine niliwapa watoto wa kanisani wakashukuru bila kujua. Lakini kuna moja niliyoiharibu mbele ya mtu ambaye hakunihurumia, na hiyo njo ilinifanya fundi. Ngoja niwaeleze kwa kuandika, maana kwenye karatasi simu zenu haziwezi kunikatiza.

Mnajua baba yangu alikuwa fundi wa bati kule Uvira. Alitengeneza ndoo, taa za mafuta, na mabeseni ya kuogeshea watoto. Lakini ujana wake aliupitisha Kalemie, nyumba ya wazazi wake ikiwa karibu na stesheni, na treni hazikumtoka kichwani. Kila Noeli alitukatia treni ndogo kwa makopo ya sardini. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu nilimwomba anifundishe. Shangazi zangu walicheka. Baba akawaambia, "Bati haijui kama we ni mwanamuke ao mwanaume. Inajua tu kama mukono inatetemeka."

Kisha akanipa kipande cha bati nikiunganishe kwa risasi ya kuyeyusha. Risasi ilidondoka kama machozi, haikushika. Nikaongeza moto, ikadondoka zaidi. Nikafanya hivyo nusu siku nzima. Jioni baba akachukua msasa, akasugua bati mara tatu, akagusa kwa chuma mara moja, ikashika. "Risasi haikamate uchafu," akasema. "Ni kama ndoa." Mama yangu alikuwa karibu na akamtazama kwa namna fulani, na baba akarudi kwenye ndoo zake. Ninyi mnaotumia gundi mtasema haiwahusu. Inawahusu. Gundi nayo haikamati uchafu.

Nilipokimbilia Malawi nikafungua kibanda Kawale, mtaa wenye vumbi mjini, zamani kabla sijaja kukaa hapa kambini. Nilianza na ndoo, lakini ndoo za plastiki zilikuwa zimejaa sokoni. Kwa hiyo nikaanza kukata treni, kama baba. Nilikuwa nakata kwa jicho tu. Kichwa cha treni cha Jumatatu kilitoka kirefu, cha Jumatano kilitoka kifupi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliokuwa wananunua walitaka kitu chenye magurudumu na rangi nyekundu. Nikajiona fundi mkubwa.

Ndipo akaja Thokozani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya serikali Capital Hill, na viatu vyake havikuwa vya kutembelea Kawale. Alinikuta nikipuliza makaa. Akaniuliza kwa Chichewa fundi wa treni yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu, kana kwamba kuna mwanaume amejificha ndani ya ndoo. Halafu akaketi kwenye kigoda na kunieleza shida yake. Tulizungumza Chichewa, mimi nawaandikia kwa lugha yetu.

Baba yake, mzee Mbewe, alikuwa ameendesha treni za mizigo na za abiria karibu maisha yake yote ya kazi. Presha ya macho ilimpofusha uzeeni. Tangu hapo alihamia kwa binti yake mtaa wa Area 47, akakaa sebuleni na redio yake, na maneno yake yakapungua mpaka yakabaki "ndiyo" na "hapana". Wajukuu walikuwa wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya kabati. Kaka yake Thokozani, anayeishi ng'ambo, alituma reli za kuchezea pamoja na kisanduku chake cha umeme. Ukiziunga zinafanya duara. Alitaka kutuma na kichwa cha treni pia, lakini alizunguka maduka yote ya huko akakosa.

"Wana treni za Ulaya na za Amerika, kubwa kwa ndogo," Thokozani aliniambia, akiniita amayi, yaani mama. "Ya baba hakuna aliyeitengeneza. Amayi, mimi sitaki pambo la kabatini. Nataka aishike aijue."

Neno hilo nililisikia, lakini sikulielewa. Nilichoelewa ni kwamba hatimaye nimepata kazi ya heshima.

Aliniachia kipande cha reli, kijitabu kilichotoka nazo, na picha moja ya zamani ya treni, imepigwa kwa upande. Nikapima reli: kutoka chuma hadi chuma milimita arobaini na tano. Nikafungua kijitabu. Kilisema reli ya arobaini na tano, skeli moja kwa thelathini na mbili. Maana yake, mita moja ya treni halisi unaigawanya mara thelathini na mbili, unapata ukubwa wa kukata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukata kwa hesabu, na nilifurahi kama mtoto aliyepewa saa. Treni yenyewe ilikuwa na urefu wa kama mita kumi na mbili, kwa hiyo modeli yangu ikatoka sentimita thelathini na saba na nusu. Magurudumu nilimpelekea fundi wa kukereza. Mota niliitoa kwenye redio ya kaseti. Nilifanya mwezi mzima. Ilipoisha, majirani walikuja kuitazama, na mama mmoja mshonaji wa karibu yangu akasema, "Hii hata Bazungu habawezi."

Nikaipeleka Area 47 ndani ya kikapu, imefunikwa kitenge.

Mzee Mbewe alikuwa amekaa wima kwenye kiti, suruali imepigwa pasi. Thokozani akamwambia, "Baba, kuna zawadi." Akaiweka kwenye mapaja yake. Wajukuu wawili walikuwa wamesimama karibu. Mzee akaanza kupapasa pua ya treni, akapanda juu ya paa, akashuka ubavuni. Nilikuwa nangoja sifa. Vidole vikafika kwenye magurudumu. Akaweka kidole gumba kwenye gurudumu la kushoto na cha shahada kwenye la kulia, akatulia hivyo.

"Hii ni treni ya nani?" akauliza.

"Ni ya kwako, baba," Thokozani akasema.

"Hapana. Yangu ilikuwa na mabega mapana na miguu iliyokaribiana. Hii imetanua miguu kama mtu anayevuka mtaro." Akaisukuma kuelekea kwa binti yake. "Zikomo, asanteni. Warudishieni wenyewe."

Akainua mkono akatafuta redio.

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na kijitabu, nilikuwa na hesabu, na yeye hakuwa na macho. Nikafungua kinywa, kisha nikamwona Thokozani. Alikuwa ameishika treni yangu kifuani na anatazama dirishani ili wanawe wasimwone uso. Nikaweka treni kikapuni nikatoka, na nikatembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kurudi Kawale, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aniulize nimebeba nini.

Hapa nisimame kidogo, Furaha, nikueleze kosa, kwa sababu ninyi mtalikuta tena na tena.

Kijitabu hakikudanganya. Kilikuwa kinazungumza habari za reli za Ulaya, zile pana, ambazo kati ya chuma na chuma kuna milimita elfu moja mia nne thelathini na tano. Gawanya kwa thelathini na mbili, unapata arobaini na tano kasoro kidogo. Lakini reli za Malawi, kama zile za Kalemie alizoziona baba yangu, ni geji nyembamba, yaani upana mdogo kati ya chuma na chuma: elfu moja sitini na saba. Treni zake zinakanyaga pafupi, lakini mwili unatoka nje ya reli pande zote mbili, na ndiyo mabega mapana aliyokuwa anasema mzee. Ukigawanya elfu moja sitini na saba kwa thelathini na mbili, inakuja thelathini na tatu. Mimi nilikuwa nimeichukua treni ya thelathini na tatu nikaitanua miguu mpaka arobaini na tano. Aliyekuwa kipofu alikuwa ameona sawasawa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "reli yako ya kuchezea ina milimita ngapi". Swali la kwanza ni "treni halisi ilikanyaga upana gani". Ukishajua hilo unaligawanya kwa reli uliyonayo, na skeli inajileta yenyewe. Kwa reli ya arobaini na tano, treni zetu zinataka moja kwa ishirini na nne. Kwa reli ya kumi na sita na nusu, zinataka moja kwa sitini na nne. Na ile ndogo unayoipenda wewe, ya moja kwa themanini na saba, inayoingia mfukoni, inataka reli ya milimita kumi na mbili. Muandike ukutani kama mnataka, lakini mjifunze kugawanya, kwa sababu kuta zinapakwa rangi.

Na msidhani mashine yenu ya kuchapa plastiki itawaokoa. Naipenda ile mashine. Siku ya kwanza nilipoiona inajenga ngazi ya treni nyembamba kama mwiba wa samaki, nilikaa nikaitazama mpaka chai ikapoa. Mimi ngazi kama ile ingenichukua siku mbili na malengelenge. Lakini mashine haina aibu. Ukiipa kipimo cha uongo itakuchapia uongo mzuri, laini, pande zote sawasawa. Bati angalau linakukata kidole.

Turudi. Nilikwenda kupima reli halisi mwenyewe, kisha siku nne nilikaa na ile hesabu nyuma ya karatasi ya nyimbo za kanisani. Siku ya tano nikaenda Area 47 bila kuitwa. Nilikuwa na shida moja: nikikata kwa moja kwa ishirini na nne kila kitu kinakuwa kikubwa, na ukubwa unafichua ujinga. Picha yangu ilionyesha ubavu mmoja tu, na sehemu ya kibanda ilikuwa imefifia. Sikujua upana wa kibanda cha dereva, wala dirisha liko juu kiasi gani, wala ngazi.

Thokozani alinifungulia mlango akiwa na wasiwasi. Nikamwendea mzee, nikapiga goti kama wanavyofanya hapa, nikamwita babu kwa lugha yake, "Agogo, treni ile haikuwa yako. Nilikosea mimi. Naomba vipimo nitengeneze ya kwako."

"Vipimo?" akasema. "Mimi sioni. Vipimo nitavitoa wapi?"

Nikauliza tu, ili nisiondoke mikono mitupu, "Ngazi ya kupandia ilikuwa juu kiasi gani?"

Mzee akasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto akashika hewa karibu na sikio lake, akainua mguu wa kulia mpaka goti likafika karibu na tumbo, akauacha mguu juu hivyo hivyo, umekanyaga kitu ambacho sisi hatukukiona.

"Hapa," akasema.

Nilikuwa na tepu ya mshonaji, nimeiazima kwa jirani yangu. Nikapiga magoti nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye soli ya kiatu chake. Nikaandika. "Na kishikio?" Nikapima mpaka kwenye ngumi yake. "Na dirisha?" Akageuka upande, akainua kiwiko, akakiegemeza hewani. Nikapima. Alitukalisha sote tukamzunguka. Akapiga hatua tatu ndogo sebuleni, akasema, "Kibanda kinaishia hapa, ukipita hapa unagonga mashine," na kweli hakupita. Akamwambia mjukuu wake mkubwa asimame pale, awe breki. Yule mdogo akawa honi.

Thokozani alitoka jikoni na sinia la chai, akasimama mlangoni. Baba yake alikuwa anazungumza. Alieleza jinsi reli inavyolia mvua ikinyesha, na jinsi dereva anavyomwaga mchanga kwenye reli ili magurudumu yasiteleze mlimani. Alieleza siku aliyoisimamisha treni nzima kwa sababu ya ng'ombe, na mwenye ng'ombe akamgombeza kwa kumtisha mnyama wake. Wajukuu walicheka. Thokozani hakuingia na sinia mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemuuliza.

Niliondoka pale na ukurasa mzima wa vipimo, vyote vimetoka kwenye mwili wa mtu mmoja.

Treni ya pili ilikuwa na urefu wa nusu mita. Mota ya redio haikuweza hata kuitikisa, nikachukua mota ya dereli, ile mashine ya kutobolea, iliyokufa betri. Ilipokuwa tayari nikaijaribu kwenye duara la reli, nikakutana na shida mpya. Kwenye kona magurudumu yalipogeuka yaligonga ngazi, treni inaruka nje. Ngazi ile niliipima kwenye mguu wa mzee mwenyewe, sikuthubutu kuigusa. Nikampigia simu Thokozani, akampa baba yake.

"Agogo, ngazi yako inazuia magurudumu kwenye kona. Nikikata milimita tatu kwa ndani, utanisamehe?"

Alicheka. "Amayi, kipimo ni sheria, lakini kona ni serikali. Kata."

Andikeni hilo nalo. Kuna fundi anayeacha treni ianguke ili kipimo kisivunjwe, na kuna anayekata ovyo kwa sababu kona ipo. Wote wawili sitawapa meza yangu. Kata, lakini jua umekata wapi na kwa nini, na mwambie mwenye treni.

Siku ya kuipeleka nilivaa nguo ya kanisani. Tuliiweka mapajani mwake, wajukuu wote wakiwa wamesimama pembeni. Vidole vyake vilienda moja kwa moja chini safari hii. Gumba kushoto, shahada kulia. Akasogeza kiganja chote juu ya mwili, akaona jinsi unavyotoka nje ya reli. Akapanda ngazi kwa kidole kimoja, akashika kishikio, akafika dirishani. Hapo akasimama. Kidole chake kikagonga kipande cha plastiki angavu nilichokiweka kama kioo. Akakunja uso.

"Nani amefunga dirisha langu?" akasema. "Mimi niliendesha dirisha likiwa wazi, jua na mvua."

Nikamwomba Thokozani kisu kidogo cha jikoni, nikaking'oa kile kioo palepale. Mzee akaingiza ncha ya kidole chake kidogo dirishani, akakiacha kimetokeza nje kidogo, kama kiwiko. Akakaa hivyo. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Washa."

Mzee Mbewe alifariki majira ya baridi yaliyopita, miaka kadhaa baada ya siku ile. Thokozani alinitafuta mpaka akafika hapa Dzaleka, na mlimwona ninyi wenyewe, yule mama aliyekuja na sanduku. Ndani yake kulikuwa na ile treni. Rangi ya paa imefutika mahali vidole vilipokuwa vinapita, na magurudumu yameliwa mpaka hayashiki reli tena. Aliniomba radhi kwa kuirudisha imeharibika. Nikamwambia asiombe radhi. Nimetengeneza treni nyingi zilizokaa kabatini mpaka leo zikiwa mpya, na hakuna hata moja ninayojivunia kama ile iliyochakaa. Magurudumu mapya mtayatengeneza ninyi. Nilikwisha mwambia mtaweza, na sikumwambia kwa kumfariji.

Lakini kuna kazi kubwa zaidi, na hii ndiyo sababu hasa ya kuwaandikia. Thokozani anataka behewa. Anasema wanawe wanauliza treni ya babu ilikuwa inavuta nini. Ni behewa la abiria la zamani, la daraja la chini, lenye viti vya mbao. Tumetafuta picha ya ndani, hatukupata. Mabehewa yenyewe yalikatwa yakawa vyuma chakavu. Nyie mmekuwa mkiniambia mna hamu ya modeli mpya, za kwetu, zisizo kwenye duka lolote: treni za Kalemie, mabehewa ya hapa, siku moja hata treni zitakazokuja baadaye. Mimi naamini mtazitengeneza. Mikono mnayo, mashine mnayo, na kugawanya sasa mnajua. Msichokuwa nacho ni vipimo, na vipimo hivyo haviko kwenye simu.

Shangazi yake Thokozani, dada wa marehemu, anaishi Kawale nyuma ya soko. Miaka mingi alisafiri na lile behewa akipeleka nyanya. Juzi nilizungumza naye kwa simu. Nikamuuliza kiti kilikuwa kipana kiasi gani. Akafikiri kidogo, akaniambia kilikuwa cha wanawake watatu, kama wa katikati hana mimba.

Ana zaidi ya miaka themanini, na miguu inamsumbua, lakini amesema atasimama mwenyewe kuwaonyesha mahali alipokuwa anaweka vikapu. Anawangoja Jumanne. Mwende wawili, mmoja apime na mmoja aandike. Mumwache amalize habari za nyanya kabla hamjamuuliza habari za madirisha.